Wenzangu wananiunga mkono kwa maneno, lakini taa zinabaki zikiwaka: niendelee au niache?

"Mimi ni afisa tawala katika idara moja ya chuo kikuu. Mwaka jana mkuu wa idara aliniteua niwe mhamasishaji wa mazingira, kazi isiyo na posho na ambayo sikupunguziwa majukumu mengine ili niifanye. Nimebandika matangazo juu ya swichi, natuma barua pepe kila Jumatatu, nimeleta mapipa ya kutenganisha taka. Wengi wananisifu mkutanini, lakini jioni nikipita, taa zinawaka, kompyuta ziko wazi, viyoyozi vinanguruma kwenye vyumba visivyo na mtu. Karatasi hazijapungua. Maabara ya ghorofa ya juu imenishinda kabisa. Nikiuliza naambiwa 'hiyo ni sayansi, usiguse'. Profesa mmoja ninayemheshimu alisema mbele ya watu kwamba nahangaika na swichi wakati uongozi unajenga majengo ya vioo. Sasa nafikiria kubandika orodha ya vyumba vinavyoacha taa, labda aibu itasaidia. Au niache tu? Nimechoka, na nimeanza kuwachukia watu niliokuwa nawapenda."

Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo iliyonishika. Mtu akifika mahali pa kuwachukia wenzake kwa sababu ya taa, amepewa kazi iliyopangwa vibaya. Umetakiwa kuwakumbusha watu wazima wenye shughuli zao jambo lilelile, kila siku, mwaka mzima, bila muda wala mamlaka. Kazi hiyo haina anayeiweza, hata awe na kipaji cha kuongea.

Maswali yako nayasoma hivi: kwa nini watu wanaokubaliana nawe hawatendi, je, aibu itawasukuma, maabara ifanyweje, na je, profesa ana hoja? Nyuma ya hayo naona swali ambalo hukuliuliza wazi, kama tatizo ni wewe. Si wewe. Na kuhusu orodha ya vyumba, tafadhali usiibandike. Sababu yake nitaifikia, na inahusu matokeo zaidi kuliko heshima.

Dhana inayokuumiza kuliko zote ni kwamba wenzako hawajali. Mtazame kwa karibu mmoja wao anapoondoka jioni. Kichwani ana mitihani ya kusahihisha na mtoto wa kupitia shuleni. Mkono mmoja umebeba begi, mwingine unatafuta funguo. Mlango anaufunga kama alivyoufunga jana na juzi, bila kuamua lolote. Swichi iko ukutani nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango ukifunguliwa inafichika, na hapo ndipo ilipotakiwa kuonekana. Tangazo lako juu yake lilikuwa jipya wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo jicho lake limelizoea, na sasa analipita kama anavyopita rangi ya ukuta.

Ndivyo mazoea yanavyofanya kazi. Tendo likirudiwa mara nyingi mahali palepale, huacha kuongozwa na nia na kuanza kuongozwa na mahali penyewe: mlango, begi, funguo, ngazi. Msimamo wake kuhusu mazingira hauulizwi kabisa katika mfuatano huo. Kwa hiyo anapokusifu mkutanini anasema kweli, na jioni anapoacha taa hakusaliti. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kukutana.

Hapa niondoe dhana nyingine, ile ya siku 21 za kujenga tabia mpya, ambayo huenda uliisikia kwenye semina. Watafiti wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu waliokuwa wakijifunza tabia moja ndogo ya kila siku. Muda wa kati wa tabia kukaa ulikuwa kama siku 66, na tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi zaidi ya 200. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo kampeni ya wiki mbili ya "zima taa" inakwisha kabla tabia ya watu wengi haijaota mizizi, kisha mhamasishaji anahitimisha kwamba watu wameshindikana.

Kazini kuna jambo jingine ambalo nyumbani halipo. Nyumbani, anayeacha taa ndiye anayelipia umeme. Chuoni bili inalipwa na ofisi ambayo mhadhiri hajawahi hata kuiona, na idara haipati shilingi moja ikiokoa. Tena vyumba ni vya wote: chumba cha semina hakina mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayejua kama yeye ndiye wa mwisho kutoka. Halafu kuna zile swichi. Katika majengo mengi utakuta ubao wenye swichi nne au sita bila alama yoyote, na mtu hajui ipi inazima safu ya dirishani na ipi itamwachia giza mwenzake aliye nyuma. Mtu akishabonyeza kimakosa mara moja na kusikia "jamani!", hatagusa tena.

Ndiyo maana matangazo yako siyafuti yote. Tangazo linasaidia linapokaa pale hasa tendo linapofanyika na kusema jambo moja linalotendeka. "Tuokoe dunia yetu" juu ya swichi halimwambii mtu afanye nini. Kibandiko kidogo kwenye kila swichi, "safu ya dirishani", "safu ya kati", na kingine mlangoni usawa wa macho, "Wa mwisho kutoka? Zima zote", vinamwondolea mtu shaka. Vigharimie hivyo, ung'oe vingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kama ungechukua moja tu katika barua hii, ningependa uchukue hili. Acha kuwaomba watu wakumbuke kila siku, nenda ukatafute mahali ambapo uamuzi unafanyika mara moja tu. Mfano wangu mkuu ni karatasi. Chuo kikuu kimoja nchini Sweden kilifanyiwa jaribio na wachumi Johan Egebark na Mathias Ekström, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baadhi ya wafanyakazi walipelekewa ujumbe wa kuwaomba wapunguze kuchapa. Wengine hawakuombwa kitu. Printa zao zilibadilishwa tu, zikaanza kuchapa pande mbili zenyewe, na aliyetaka upande mmoja aliweza kuchagua. Ombi halikubadilisha chochote. Mpangilio wa printa ulipunguza karatasi kwa takriban asilimia 15. Watu walikuwa ni walewale, wenye imani zilezile. Kilichotofautiana ni kile kinachotokea mtu asipofanya chochote.

Utaona mara moja kwa nini hili linakuhusu. Barua pepe zako za Jumatatu ni lile ombi. Kazi yenye faida kwako ni kwenda kwa watu wa TEHAMA na kuomba mambo mawili: printa zote za idara zianze na pande mbili, na kazi isitoke mpaka mwenyewe afike akaweke kadi au namba yake. Hilo la pili linaua zile kurasa zinazolala kwenye trei mpaka kesho yake, zilizochapwa na mtu aliyebadili mawazo au aliyebonyeza mara mbili. Lakini kabla ya kubadilisha, zungumza na wanaosimamia mitihani. Kuna nyaraka ambazo lazima zitoke upande mmoja, na kama siku ya mtihani karatasi zitatoka vibaya kwa sababu yako, umepoteza idara nzima. Wape njia rahisi ya kutoka na uwaoneshe mapema. Mpangilio ambao mtu anaweza kuukataa kwa urahisi hauleti uhasama. Ule unaomfunga mikono unaleta.

Ukishapata jicho la namna hiyo utaona nafasi nyingine. Kompyuta za ofisi zinaweza kuwekwa zilale zenyewe baada ya dakika chache za kutotumika. Mtungi wa maji moto jikoni unaweza kufungwa saa ya kuuzima usiku. Viyoyozi vya vyumba vya semina vinaweza kuwekewa ukomo wa nyuzi na saa ya kujizima. Kila kimoja kinamtaka mtu mmoja aamue mara moja, badala ya kuwataka watu sitini wakumbuke kila jioni. Ila usiviombe vyote kwa pamoja. Omba kimoja, kikae, watu waone kwamba hakuna kilichoharibika, ndipo uje na kingine.

Vikombe vya kutupa navyo vina somo la kufaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, mwaka 2018, walichapisha jaribio lililofanyika kwenye migahawa ya vyuo na ya maofisi. Punguzo la bei kwa anayekuja na kikombe chake halikuwa na athari iliyoonekana. Tozo ndogo kwa anayechukua cha kutupa ilikuwa nayo, ingawa kifedha mambo hayo mawili yanakaribiana. Mtu huumia zaidi kupoteza kuliko anavyofurahia kuokoa. Hata hivyo kila hatua peke yake ilisogeza asilimia chache tu. Zilipounganishwa, yaani ujumbe, vikombe vya bure na tozo, ndipo badiliko likaonekana vizuri. Nakueleza hili ili usivunjike moyo hatua moja ikileta kidogo. Kidogo ndiyo hali ya kawaida katika kazi hii.

Sasa ile orodha. Unapobandika vyumba kumi na tatu vilivyoacha taa, unadhani unasema "acheni". Msomaji anasoma jambo jingine: "vyumba kumi na tatu huacha taa, kwa hiyo siko peke yangu." Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilipima hili katika hifadhi ya misitu iliyogeuka mawe huko Arizona, Marekani, ambako wageni walikuwa wakiiba vipande vya mawe hayo. Palipowekwa bango la kusema kwamba wageni wengi waliopita wameondoka na vipande, wizi ulikaribia asilimia 8 ya vipande ambavyo watafiti walivitega. Palipowekwa bango la kuwaomba tu wasichukue, wizi ulikuwa chini ya asilimia 2. Lile bango la masikitiko lilikuwa limetangaza kwamba kuiba ni jambo la kawaida. Zipitie barua pepe zako kwa jicho hilo. Kila penye "bado wengi wetu tunaacha..." pana tangazo la aina ileile.

Na aibu ina gharama ya pili. Mtu aliyetajwa hadharani hujitetea, na katika kujitetea hujenga hoja kwa nini jambo lako halina maana. Akishaisema hoja hiyo mbele ya watu, hawezi kuiacha kirahisi. Unaweza kupata taa iliyozimwa Jumanne na adui wa kudumu.

Kinachofanya kazi ni kinyume chake: kuonesha yale ambayo wengi tayari wanafanya, mradi iwe kweli. Cialdini huyohuyo, na wenzake Noah Goldstein na Vladas Griskevicius, mwaka 2008 walichapisha majaribio ya taulo za hotelini. Kadi ya kawaida ya kuomba wageni watunze mazingira kwa kutumia taulo tena iliitikiwa na kama asilimia 35 ya wageni. Kadi iliyosema wageni wengi hutumia taulo zao tena ilifika asilimia 44. Walipotaja wageni waliolala katika chumba hichohicho, matokeo yalikuwa bora zaidi. Ujirani una nguvu. "Ghorofa ya pili sasa huacha kompyuta tatu tu usiku" litawagusa watu wa ghorofa ya pili kuliko takwimu yoyote ya dunia. Lakini hesabu kwanza. Ukitunga namba, siku moja mtu atapita jioni akahesabu mwenyewe.

Tahadhari moja hapo. Ukiwapa watu wastani, walio chini ya wastani wanaweza kulegea na kupanda kuufikia. Ilitokea katika utafiti wa kaya za San Marcos, California, uliochapishwa mwaka 2007: kaya zilizokuwa zikitumia umeme kidogo zilianza kutumia zaidi zilipoambiwa majirani wanatumia kiasi gani. Watafiti walipochora uso wa kutabasamu kando ya namba zao, kulegea huko kulikoma. Kwa hiyo wanaofanya vizuri waambie wazi kwamba umeona na unashukuru. Wengi wetu huandika barua ndefu kwa wakosaji na kusahau mstari mmoja kwa wema.

Jambo la tatu la kubadilisha ni nani anayesema. Sasa hivi sauti ni yako peke yako, na watu wameshaizoea. Amanda Carrico na Manuel Riemer walichapisha mwaka 2011 utafiti wa majengo 24 ya chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Majengo mengine yalipewa taarifa ya matumizi ya umeme ya jengo lao. Mengine yalikuwa na mfanyakazi wa mlemle aliyejitolea kuwaelimisha wenzake. Mengine yalipata maelezo ya jumla tu. Waliopata taarifa ya jengo lao walipunguza umeme kwa asilimia 7, waliokuwa na mwenzao wa kuwaelimisha kwa asilimia 4, na waliopewa maelezo ya jumla matumizi yao yalipanda kwa asilimia 4. Namba hizo si kubwa. Lakini ni jengo zima, bila kununua kifaa kimoja.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja katika kila korido. Wengi hukosea hapa kwa kumchukua mwenye shauku kubwa kuhusu mazingira, ambaye mara nyingi ndiye aliyekwisha kuwachosha wenzake. Mtafute yule ambaye watu humwendea printa ikikwama au wakitaka kujua fomu fulani ipelekwe wapi. Huyo ana imani ya watu tayari. Mpe jambo moja la kushughulikia, tena achague mwenyewe. Na usiwasahau wasafishaji, walinzi na mafundi. Wanaujua usiku wa jengo hilo kuliko mtu yeyote: chumba gani huwaka mpaka alfajiri, bomba gani linavuja, pipa gani taka zake huchanganywa. Vyuo vingi huendesha kampeni za mazingira na kuwageuza watu hao kuwa wa kutekeleza tu, bila hata kuwauliza wanaona nini. Hilo si haki, na ni hasara pia. Keti nao mara moja kabla hujafanya lolote jingine. Mapipa yako ya kutenganisha taka, kwa mfano, yanategemea kabisa kama mifuko hubaki imetengana inapofika chini. Kama huchanganywa kwenye gari moja, wenzako watajua, na hawatakuamini katika mengine.

Uchague na wakati. Mazoea hulegea mahali pakibadilika. Bas Verplanken na wenzake, mwaka 2008, waliwachunguza wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza wakaona kwamba wanaojali mazingira na waliohamia makazi mapya karibuni walitumia gari kwenda kazini kidogo kuliko wanaojali ambao hawajahama. Kujali kwao kulipata mlango pale mazoea ya zamani yalipovunjika. Kwa hiyo mfanyakazi mpya mpatie utaratibu wa chumba siku anayopewa funguo. Idara ikihamia jengo jingine, wiki ile ya kwanza ina thamani kuliko mwaka mzima wa matangazo. Mwanzo wa muhula pia si mbaya.

Maabara inahitaji mwendo wa pekee. Waliokuambia usiguse wako sahihi kuhusu mikono yako. Usizime kitu chochote humo, hata kinachoonekana hakina kazi. Kifaa kimoja kikizimwa kinaweza kuharibu sampuli za miaka. Lakini hawako sahihi kwamba sayansi haiwezi kupunguza matumizi. Maabara hula nishati nyingi kwa kila mita ya mraba kuliko ofisi, na ulaji huo una sehemu zake zinazojulikana.

Ya kwanza ni friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Moja ya aina hiyo, hasa iliyozeeka, inaweza kutumia uniti 15 mpaka 20 za umeme kwa siku, kiasi cha nyumba nzima katika nchi nyingi. Ikipandishwa mpaka nyuzi 70 chini ya sifuri, matumizi hushuka kwa karibu theluthi, na sampuli za aina nyingi huhifadhika vizuri. Maabara kadhaa, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, zimefanya hivyo kwa miaka. Uamuzi ni wa mwenye sampuli, wala si wako wala wangu. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji mjadala wa kisayansi. Fungua friza ya maabara yoyote ya zamani, ukiwa na fundi wake: barafu imejaa mdomoni mpaka mlango haukazi, na nyuma kabisa kuna visanduku vyenye maandishi yaliyofutika, vya mwanafunzi aliyehitimu zamani akaondoka bila kumkabidhi mtu. Kukwangua barafu, kutupa visivyo na mwenyewe kwa utaratibu wa maabara, na kuandika orodha ya vilivyomo kunaweza kuondoa haja ya friza moja nzima. Tena mtafiti atafaidika, maana sampuli atazipata haraka.

Ya pili ni makabati ya kufyonza mvuke wa kemikali. Kinachogharimu hapo ni hewa. Kabati linavuta hewa ya chumba, ambayo jengo limelipia kuipoza au kuipasha joto, na kuitupa nje, mchana na usiku. Katika mifumo ambayo feni hupunguza kasi kidirisha cha kioo kikishushwa, kukishusha huokoa nishati nyingi. Katika mifumo ya zamani ya kasi moja, kukishusha huokoa kidogo sana, lakini bado humkinga aliye mbele yake. Jua kwanza mna mfumo gani kabla hujaanza kuhimiza. Na hapo una mlango mzuri wa kuingilia: kidirisha kilichoshushwa ni usalama, na usalama ni lugha ambayo maabara inaiheshimu tayari. Harvard wamewahi kuendesha mashindano baina ya maabara ya kushusha vidirisha hivyo. University College London nao wana mpango uitwao LEAF, wenye ngazi ya shaba, fedha na dhahabu, ambao maabara hujipima wenyewe. Mwonyeshe msimamizi wa maabara, kisha umwachie. Kikitoka kwake kitafuatwa.

Nije kwa profesa. Maneno yake yalikuuma kwa sababu yalisemwa mbele za watu, na hilo halikuwa jema. Lakini nusu ya hoja yake ni kweli, na ni vizuri ukubali nusu hiyo. Jengo la vioo lisilo na kivuli linaamua matumizi ya miaka 40 ijayo kabla ya mfanyakazi yeyote kugusa swichi. Safari za ndege nazo. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ukatoka mwaka 2018, ulikadiria kwamba safari za kikazi za ndege hutoa gesi joto sawa na kati ya asilimia 63 na 73 ya zile zinazotokana na kuendesha kampasi yenyewe. Utafiti uliofuata katika chuo hichohicho haukuona kwamba wasomi wanaosafiri sana wana mafanikio makubwa zaidi ya machapisho, ingawa waliosafiri zaidi walikuwa na mishahara mikubwa zaidi.

Nusu isiyo kweli ni kwamba makubwa yakiwepo, madogo ni upuuzi. Hizo ni kazi za watu tofauti. Wewe huna kura kwenye kamati ya ujenzi. Yeye huenda anayo, au anamjua aliye nayo. Mfuate ofisini kwake, bila watu, umwambie: "Shikamoo Profesa. Ulichosema kuhusu majengo nakubaliana nacho. Mimi sifiki kwenye kikao kile. Ungeweza kuuliza kwa niaba yetu jengo jipya linatarajiwa kutumia umeme kiasi gani?" Mpe swali moja aliloandikiwa, lisilohitaji maandalizi. Mtu aliyelalamika kwa haki akipewa nafasi ya kutenda, mara nyingi hutenda. Asipotenda, angalau hatakuwa na la kusema mkutanini.

Sasa wewe mwenyewe. Kazi hii haiendi bila muda. Mwendee mkuu wa idara na karatasi moja: mambo mawili unayotaka kuyafanya muhula huu, nani anatakiwa kuidhinisha, na saa ngapi kwa wiki. Mwombe saa hizo ziandikwe kwenye majukumu yako na zihesabiwe kwenye tathmini yako ya mwaka. Akikataa, umepata jibu kuhusu uzito wa jambo hili kwake, na una haki ya kurudisha uteuzi huo kwa heshima. Kuacha kwa namna hiyo si kushindwa. Ningependa uendelee, kwa sababu mtu anayepita jioni kuangalia taa ni mtu anayelijali jengo na waliomo, na vyuo vinawahitaji watu hao sana. Lakini endelea ukiwa na muda, watu, na mambo mawili tu mkononi.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua na yanahitaji mtu afike. Nyaya, soketi zenye joto, saa za kuzimia mitambo na viyoyozi vya kati ni vya fundi umeme na ofisi ya miliki. Usibandue wala usichomoe mwenyewe. Lolote linalogusa makabati ya mvuke, friza, kemikali au mitungi ya gesi lipitie kwa afisa usalama wa maabara, aje aone kwa macho. Taa za ngazi, za njia ya kutokea na za dharura usiziombe zizimwe kabla mhusika wa usalama wa moto hajapita nawe jengo lote. Ukianza kudhihakiwa mara kwa mara au kutishwa kwa sababu ya kazi uliyoteuliwa kuifanya, nenda kwa afisa rasilimali watu au kwa mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi, ukiwa umeandika tarehe na maneno yaliyosemwa. Na ile chuki uliyoitaja, kama inakufuata nyumbani, inakunyima usingizi, au asubuhi inakufanya usitake kuingia getini, zungumza na mshauri nasaha wa chuo au mhudumu wa afya mapema wiki hii. Hiyo iende mbele ya printa.